Kamba Ilegee: Namna ya Kumzoesha Mtoto wa Punda Hatamu

Haya ni maneno niliyozungumza na wenye punda wa Isimani na vijiji vya jirani, mkoani Iringa. Wengine walibaki mashambani wanavuna alizeti, wakaomba yaandikwe ili nao wayapate. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni.

Kamwene!

Kamwene sana. Mwenyekiti wetu wa kijiji, wazee wangu, vijana wa mikokoteni, ndugu zetu Wamasai mliotoka Pawaga kukiwa bado giza, sopa. Na nyinyi akina mama mliokuja moja kwa moja kutoka bombani, kamwene. Ila naona punda wenu bado wana madumu mgongoni. Sisi tumekaa kivulini, wao wamesimama juani na lita 80 kila mmoja. Tafadhali kawateremshieni kwanza. Nendeni tu, nasubiri.

Asanteni.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja: mtoto wa punda avishwe hatamu lini, na avishwe vipi. Hatamu ninayosema ni hii ya kichwani isiyo na chuma mdomoni, ile ya kumwongozea na kumfungia. Na kwa kuwa naona wapo wawili watatu hapa wanaofanya kazi ya usaisi kwenye mashamba ya farasi kule Mufindi, mtoto wa farasi naye nitamgusa. Mambo mengi yanafanana, machache yanatofautiana sana.

Kwanza mikono juu. Nani hapa ana punda anayemfuata mtu huku kamba imelegea? Mmoja, wawili, mama yule pale, watatu. Haya, nani ana punda ambaye lazima mmoja avute mbele na mwingine atandike nyuma? (Kicheko.) Shusheni mikono, nimeona.

Tunao msemo wetu, asante ya punda ni mateke. Nimeusikia tangu utoto na sijawahi kuukubali. Mateke ya punda ni jibu. Swali tuliliuliza sisi wenyewe, siku ile ya kwanza tuliyomtia kamba. Nani anaikumbuka siku hiyo? Sisi tunaisahau jioni ile ile. Yeye haisahau.

Na siku hiyo mnaijua ilivyo. Msimu wa kuvuna unafika, mwenye punda anamtazama jike lake, anaona limechoka. Anamtazama mtoto wa miaka miwili na nusu, anasema huyu sasa amepevuka, naye akafanye kazi. Huyo mtoto tangu azaliwe amezurura nyuma ya mama yake, hajaguswa na mtu isipokuwa kupigwa mawe na watoto. Leo wanaitwa vijana wanne.

Nimelishuhudia hilo kwenye kijiji kimoja huko bondeni. Walimrushia kitanzi cha kamba ya manila shingoni, wakamfunga kwenye mgunga. Akavuta nyuma, kitanzi kikakaza. Akazidi kuvuta, kikazidi kukaza. Kijana aliyeshika mwisho wa kamba aliachia huku ngozi ya viganja imetoka. Punda akaanguka ubavu, ulimi nje, wakamlegezea kidogo, akasimama, akavuta tena. Ilipofika mchana akawa amesimama tu, hatikisiki, masikio yameangalia nyuma. Wakapigana mikono: amekubali!

Amekubali nini?

Ndugu zangu, punda aliyesimama kimya hajakubali kitu. Hapo ndipo watu wengi tunapomkosea mnyama huyu. Punda asili yake ni hapa hapa Afrika, upande wa kaskazini mashariki na Pembe ya Afrika, na watu walianza kumfuga takriban miaka 7,000 iliyopita. Ni mnyama wa jangwa, wa mawe na chakula cha kuokoteza. Farasi ni wa mbuga pana za nyasi, anaishi kundini, akiona hatari anakimbia, na kundi zima linakimbia naye. Kule kwenye mawe na ukame, kukimbia ovyo kunaweza kukuua kabla ya simba. Kwa hiyo punda akiogopa anasimama, anaganda, anapima. Akishindwa kupima, anapigana. Sisi tunaona ameganda, tunasema mkaidi. Tunampiga. Anapima tena, na safari hii jibu analopata ni kwamba mtu ndiye hatari.

Yule punda wa bondeni, siku chache baadaye, mtoto wa nyumba alipita nyuma yake akiwa ameshika kamba ya kuanikia nguo. Kamba ya nguo tu, hakuwa na habari na punda. Alipigwa teke la taya. Wakasema, asante ya punda hiyo.

Tumeelewana hapo? Basi tuanze tangu mtoto anapozaliwa.

Na muone kwanza huyo mtoto ana thamani gani. Mmeona wenyewe miaka hii punda walivyoibiwa usiku. Ngozi zao huchemshwa kutengeneza ejiao, dawa inayotumika sana China. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakiwa Addis Ababa walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Vizuri sana. Lakini waliokwisha kuondoka hawarudi, na punda si kuku. Jike hubeba mimba miezi 12, wakati mwingine hukaribia 14, na kwa kawaida anazaa mtoto mmoja. Ukimharibu huyo kwa asubuhi moja ya kitanzi, umepoteza kazi ya zaidi ya mwaka.

Siku ya kuzaliwa, hatamu haimo kabisa. Mtoto anatakiwa asimame ndani ya saa moja au mbili, anyonye kabla ya saa mbili tatu kupita, na kondo la nyuma la mama litoke ndani ya saa tatu. Yakichelewa hayo, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo, usiseme tuone kesho. Akikosa dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, amekosa kinga ya mwili, na utumbo wake huipokea kinga hiyo saa za mwanzo tu. Ikifika saa 24, nafasi imekwisha. Kitovu kipakwe iodini. Basi, ondoka, waache wajuane.

Nasema ondoka kwa sababu wapo watakaokuambia kinyume. Kule Marekani, daktari mmoja wa mifugo, Robert Miller, alieneza mtindo wa kumshika mtoto wa farasi saa ile ile anapozaliwa: kumpapasa mwili mzima, kumtia vidole masikioni, kumgongagonga kwato, ili akue akijua hayo yote ni ya kawaida. Mtindo ukapendwa sana. Watafiti waliokuja kuupima baadaye hawakuona faida kubwa inayodumu. Na mimi nikiwaangalia majike ya hapa kwetu, wengi wao hawajawahi kushikwa kwa upole hata siku moja. Ukimwingilia jike wa namna hiyo saa ya kuzaa, utamfanya amsukume mtoto mbali nawe, na dang'a itachelewa.

Sasa tuanzie wapi? Anza na mama.

Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko mengine yote, kwa sababu halihitaji pesa. Waliwachukua farasi majike waliozaa. Baadhi yao, kwa siku 5 za kwanza, kila siku dakika 15, walipigwa brashi taratibu na kulishwa kwa mkono, huku mtoto yupo pale pembeni anatazama. Mtoto mwenyewe hakuguswa. Nasema tena: mtoto hakuguswa! Walipokuja kuwapima, watoto wa mama wale waliopigwa brashi walikuwa wanamsogelea mtu, wanakubali kupapaswa, na tofauti yao na wenzao ilikuwa bado inaonekana hata walipofikisha umri wa mwaka mmoja. Mtoto alimsoma mama yake. Mama hana wasiwasi, basi na mimi sina.

Hilo watu wa hapa hawakuhitaji kuambiwa na Wafaransa. Yupo bibi mmoja, upande wa barabara ya Mtera, analeta maji kwa punda jike. Kila jioni akimteremsha madumu anachukua gunzi la mahindi, anamsugua mgongo pale kamba za mzigo zilipobana. Anamsugua huku anamsimulia mambo ya siku hiyo, nani kakopa na hajalipa, nani kaoa. Jike likizaa, bibi habadilishi kitu. Gunzi lake na hadithi zake ni vile vile. Mtoto anazunguka, ananusa khanga ya bibi, anarudi nyuma ya mama, anarudi tena kunusa. Baada ya siku kadhaa mtoto anajipanga mwenyewe ubavuni, na yeye anataka gunzi. Nilimuuliza, bibi, unawafundishaje hawa? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa anafundishaje mvua kunyesha. Akasema, mimi namsugua mama yake tu.

Wakristo wenzangu, kila Jumapili ya Matawi tunasikia habari ya mwanapunda ambaye hajapandwa na mtu bado. Mmewahi kujiuliza ilikuwaje akatulia katikati ya kelele zile zote, nguo zinatandazwa, matawi yanapepea? Kwa Mathayo imeandikwa waziwazi kwamba mama yake alikuwepo, wakaletwa wote wawili. Mwenye punda yeyote akisikia hapo anatikisa kichwa: ndiyo, bila mama yake wangemkimbiza mpaka jioni.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ni ya gunzi. Mtoto akikusogelea, inama, usimsimamie juu kwa juu. Simama ubavuni kwake, usimkabili usoni. Mguse pale shingo inapokutana na mabega, ndipo mama yake anapomkwaruza kwa meno. Mkwaruze kidogo, kisha acha kabla hajachoka. Acha yeye akiwa bado anataka. Ukimwona ananyoosha shingo na kuchezesha taya, anatafuna hewa, usidhani anataka kukuuma, wala si njaa. Ndivyo watoto wa punda na farasi wanavyosema kwa mkubwa, mimi mdogo, usinipige. Mpe nafasi. Polepole nenda shingoni, mgongoni, miguuni. Masikio yawe ya mwisho, maana punda hapendi kushikwa masikio, na kijana yeyote anayemshika punda kwa sikio namwomba aache leo.

Kuna jambo moja hapa lazima nilisisitize kwa ajili ya watoto wetu nyumbani. Mtoto wa punda ana sura ya kuchekesha, manyoya kama ameamka sasa hivi, na watoto wanampenda. Wanacheza naye mieleka. Wanamsukuma paji la uso, naye anasukuma, wanacheka. Wanamlisha mabaki ya ugali mkononi, asipopewa anang'ata mfuko, wanacheka. Akiwa dume, baada ya mwaka na nusu anasukuma hivyo hivyo, ila sasa ana uzito unaomzidi yule mtoto mara mbili, na anang'ata bega. Hapo hakuna anayecheka, na punda anauzwa kwa sababu ni mkorofi. Chakula kiwekwe chini au kwenye karai. Akikusukuma, msogeze kwa utulivu, usimrudishie mchezo. Na madume ambayo hutazalishia, zungumza na daktari wa mifugo mapema kuhusu kuwahasi.

Wiki ya pili hadi ya nne, hatamu sasa. Mama awepo, amefungwa au ameshikwa na mtu anayemjua, mnakuwa kwenye kona ya zizi. Watu wawili wanatosha. Mmoja anamkumbatia mtoto: mkono mmoja mbele ya kifua, mwingine nyuma ya mapaja. Mkono wa shingo usibane koo, wala usimnyanyue kwa tumbo. Akihangaika, mkumbatie vile vile bila kukaza zaidi. Akitulia, hata kwa pumzi moja, legeza mikono. Mmeona? Akitulia, unalegeza. Mwingine anamvisha hatamu taratibu, anaisubiri kidogo, anaivua. Kesho tena. Siku za mwanzo hamna kamba, hamna kuvuta. Kuvishwa na kuvuliwa tu mpaka aone ni jambo la kawaida.

Sasa nafika kwenye kamba yenyewe, na hapa naomba kijana mmoja aje mbele. Wewe wa kofia nyekundu, njoo. Shika mwisho huu wa kamba. (Aliposhika niliivuta ghafla. Akakaza mikono na kurudi nyuma. Watu wakacheka.)

Nimemwambia anipinge? Sijamwambia. Nimemwambia arudi nyuma? Sijamwambia. Mwili wake umefanya wenyewe. Haya, shika tena, na safari hii nitaivuta kidogo tu, kwa vidole viwili, kisha nitangoja. (Nikangoja. Akanitazama, akaangalia watu, akapiga hatua moja mbele. Pale pale nikaachia kamba ikalegea.) Kwa nini umekuja? "Nimeona bora nije." Mpigieni makofi.

Hilo ndilo somo zima nililoleta leo. Mnyama akivutwa moja kwa moja na kwa nguvu, mwili wake unavuta upande wa pili. Kila unavyoongeza nguvu naye anaongeza, mpaka mmoja ashindwe, na mtoto wa punda wa mwezi mmoja atashindwa yeye kwa kuumia shingo. Kamba ikikaza inauliza swali. Ikilegea inatoa jibu, na mnyama anajifunza kutoka kwenye jibu. Ukivuta tu bila kulegeza, unamuuliza mtu swali lile lile siku nzima na kila anachojibu unamwambia hapana. Wewe ungefanyaje? Ungepiga teke.

Kwa hiyo: vuta kidogo, ngoja, akisogea legeza. Akisogea kiasi gani? Kidogo kabisa! Akihamisha uzito tu kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, legeza. Akiinua kwato, legeza. Legeza upesi, hapo hapo, kwa sababu ukichelewa ataunganisha ulegezaji na kitu kingine, pengine na kurudi nyuma. Wengi wetu mikono yetu ina haraka ya kuvuta na uvivu wa kulegeza. Inatakiwa kinyume chake.

Wala usimvute mbele yake moja kwa moja. Simama ubavuni, usawa wa bega lake, mvutie kichwa pembeni kidogo, kushoto au kulia. Kichwa kikienda pembeni uzito unahama, na mguu lazima ufuate. Hatua moja ya pembeni ni hatua. Legeza. Kisha upande mwingine.

Na ipo kamba ya pili ambayo wengi hapa hatuitumii, ya nyuma. Unachukua kamba laini ndefu, unaizungusha nyuma ya mapaja, chini ya mkia lakini juu ya magoti ya nyuma, miisho yake miwili unaishika pamoja juu ya mgongo. Mkono mmoja una kamba ya hatamu, mwingine una hii. Unapotaka aende, hatamu unaiacha inaning'inia, unamwashiria kwa kamba ya nyuma, unaikaza taratibu. Anahisi kama mama yake anamsukuma kwa pua. Anapiga hatua, zote mbili zinalegea. Baada ya siku chache unagusa hatamu kwanza, halafu ya nyuma. Baadaye ya nyuma huihitaji tena. Na aende wapi? Amfuate mama yake. Mtu mmoja anatangulia na mama, wewe unakuja nyuma na mtoto. Yeye anataka kwenda huko huko, wewe unamzoesha tu kwamba kamba nayo inakwenda huko. Dakika kumi zinatosha, mrudisheni zizini.

Ndugu zetu wa Mufindi, kwa farasi hili la kutovuta kichwa ni la kufa na kupona. Saisi mmoja alinisimulia yaliyotokea kwenye shamba ambalo sitalitaja. Mtoto wa farasi wa wiki chache, mzuri, mama wa gharama. Mgeni wa tajiri akataka kuonyesha ujuzi, akamvuta kwa hatamu mbele, akavuta, akavuta. Mtoto akasimama kwa miguu ya nyuma, miguu ikateleza, akaanguka kinyumenyume na kupiga kisogo kwenye sakafu ya saruji. Hakuamka. Mtoto wa farasi ana miguu mirefu, kichwa kizito, na anapaa upesi kuliko punda. Punda ataganda kwanza, atakupa muda wa kufikiri. Farasi hakupi. Kwa hiyo kwake fanyeni juu ya nyasi au udongo laini, na akianza kunyanyuka mbele, mwachie kamba, umfuate.

Na punda akiganda? Umemvuta kidogo, ameweka miguu minne chini kama vigingi, masikio mbele, anaangalia kitu barabarani. Usimpige. Angalia anachoangalia. Pengine ni kifuko cha plastiki, pengine ni lori la Dodoma linakuja. Mwache aangalie. Mgeuze kichwa pembeni, apige hatua ya ubavu, legeza, endeleeni. Dakika mbili za kungoja leo zitakuokoa miaka mingi, kwa sababu punda akishakipima kitu na kuona si hatari, hakipimi tena.

Kuhusu hatamu yenyewe sitachukua muda. Kamba ya manila inachoma ngozi, katani inakwaruza, na kitanzi kinachokaza shingoni kisitumike kabisa. Chukueni mkanda wa siti ya gari kutoka kwa wauza skrepa, mpelekee fundi viatu pale mjini, akushonee kwa uzi wa nailoni na pete mbili za chuma. Ni laini, haukatiki, unafuliwa. Mkanda wa pua ukae juu ya mfupa, chini kidogo ya mfupa wa shavu. Ukishuka karibu na matundu ya pua, pale hakuna mfupa mgumu, utamziba pumzi. Vidole viwili vipite chini yake. Na mwangalieni kila wiki, kwa maana mtoto anakua na hatamu haikui. Nimeona mtoto ambaye mkanda umezama kwenye ngozi ya pua, na mwenyewe anashangaa harufu inatoka wapi.

Mkimaliza, vueni! Mtoto asiachwe na hatamu malishoni wala zizini usiku. Watoto hawa hujikuna sikio kwa kwato ya nyuma, mnawaona. Familia moja waliiacha hatamu kwa sababu kumvisha asubuhi ilikuwa usumbufu. Usiku alijikuna, kwato ikapita ndani ya mkanda wa shavu, ikanasa. Walimkuta alfajiri amelala mguu uko kichwani, amejipigapiga chini usiku kucha. Alipona, lakini ule mguu hadi leo anauburuta.

Akifikisha umri wa miezi mitatu au minne, na akishajua kusogea kamba inapokaza, ndipo afundishwe kufungwa. Kabla ya hapo asifungwe, kwa sababu hajui njia ya kutoka kwenye mkazo. Mfunge kwenye nguzo isiyong'oka, usawa wa mabega yake au juu zaidi. Kati ya kamba na nguzo weka kipande cha tyubu ya gari, akivuta kinanyumbuka. Fundo liwe la kuvuta mara moja likaachia. Mama awe karibu, na wewe uwepo hapo hapo. Usimwache ukaenda kunywa chai.

Akifika miezi sita hivi anaweza kuachishwa ziwa, na aachishwe akiwa na punda mwenzake. Punda hushikana urafiki wa wawili wawili, na ukimtenga peke yake anaweza kugoma kula. Tangu hapo atembee na mama yake njia ya bombani, njia ya gulio, avuke barabara, aone pikipiki. Mgongo mtupu. Mzigo asibebe mpaka afike miaka mitatu, na mzigo kamili angojee wa nne, mifupa ikomae. Najua mtaniambia, punda afe mzigo ufike. Msemo huo nao umeandikwa nyuma ya magari na watu wasio na punda. (Kicheko.) Wenye punda tunajua, punda akifa mzigo unalala porini. Na tangu mwaka 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, kumtesa mnyama ni kosa, mwenyekiti wetu yuko hapa anasikia.

Nimeulizwa pale nyuma: na yule ambaye tayari ana miaka mitatu, alishafungwa kwa kitanzi, anapiga teke? Anaanza pale pale kwenye gunzi, kama mtoto mchanga. Atachukua muda mrefu zaidi, na mtu asisimame nyuma yake. Asivishwe kitu shingoni kwanza. Mtafute yule punda mwenzake anayempenda, msugueni huyo mbele yake, kila jioni, mpaka mwenyewe asogee.

Sasa tutoke nje. Mwenzetu mmoja ametuletea jike na mtoto wa wiki tatu, wako kwenye zizi la nyuma ya ofisi ya kijiji. Mwenye jike na kijana wa kofia nyekundu ndio wataingia ndani na mimi, wengine mbaki nje ya uzio na mzungumze kwa sauti ya kawaida. Watoto wakae upande wa kivuli. Na mwenye kamba ya manila mkononi aiache hapa hapa juu ya benchi.